Kioo cha Gari la Maziko

Watu wa mtaa wetu hapa Temeke wananijua kwa upole. Nimewasomesha Kurani watoto wao barazani kwangu, sasa nawasomesha watoto wa watoto hao, na wote watakwambia kuwa sauti yangu haivuki ukuta. Namshukuru Mungu kwa umri alionipa, kwa macho yanayoona mbali, na kwa mikono ambayo bado inaushika usukani bila kutetemeka. Nayasema haya kwanza ili anayesoma ajue kwamba hasira nitakayoieleza si desturi yangu. Lakini ninayo. Nimeiombea iondoke kwenye sijda nyingi, na haijaondoka.

Imeletwa na kifaa kidogo cha kuonyesha njia, kisichozidi ukubwa wa kiganja, kilichobandikwa mahali pasipo pake.

Chama chetu cha maziko kina gari. Ni gari la zamani, la aina ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, refu kwa nyuma, lenye milango miwili inayofunguka kama ya kabati. Jeneza linaingia vizuri katikati na watu wanakaa pembeni, magoti yakigusa mbao. Dereva wake ni mimi, kwa kujitolea, maana ujanani niliendesha malori ya mizigo kutoka bandarini kabla sijakaa kitako kufundisha.

Zamani hatukuhitaji kuonyeshwa njia. Aliyekufa alikuwa mtu wa hapa hapa, na makaburi tunayajua kama tunavyozijua nyumba zetu. Siku hizi watu wetu wametawanyika. Nyumba ya urithi inauzwa, kila mtoto anakwenda kujenga kwake, Chamazi, Mbande, Msongola, mahali ambapo barabara ni mchanga leo na bwawa kesho. Mtu akifiwa huko bado anataka chama chake cha zamani kije kimzikie. Unapiga simu kuuliza njia, unaambiwa, "Mkifika kwenye duka la rangi ya bluu, ulizieni." Mnafika, duka limepakwa rangi nyekundu na matangazo ya simu. Siku moja tulizunguka na jeneza tupu mpaka alasiri ikatukuta njiani, na kwetu maiti hasubirishwi.

Ndipo mwenyekiti wa chama akanunua kile kifaa, jipiesi kama vijana wanavyoiita. Mwenyekiti ni mzee mwenzangu, muuza vitambaa, mtu wa swala zote tano msikitini. Alikinunua kwa pesa yake na kukitoa sadaka kwa ajili ya marehemu mama yake. Nampa haki yake: nia ilikuwa njema. Kosa lilikuja alipokifunga.

Katikati ya dashibodi ya gari letu palikuwa na msahafu. Umefungwa kwa kitambaa cha kijani, umelazwa juu ya kitambaa kingine cha kufuma, na ulikuwa pale tangu gari liingie mikononi mwetu. Ukiyatazama magari ya watu wa dini mjini hapa utauona mara nyingi, pale mbele, juani, watu wakiutarajia uwalinde. Hakuna aliyethubutu kuweka kitu chochote karibu nao, seuze chombo kinachosema Kiingereza kwa sauti ya mwanamke. Basi mwenyekiti akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, kiti cha mbele cha kushoto, akanyoosha mkono, akakibandika kifaa juu kwenye kioo, karibu na usukani wangu, kwa ule mguu wake wa mpira unaonyonya kioo. Akakigeuza kidogo kimtazame yeye. Waya wake ukaning'inia na kupita juu ya ile gia ndogo ya pili, ya kuingizia magurudumu ya mbele tukikwama.

Nikapanda, nikakaa. Mbele yangu, upande wa kushoto, palikuwa na kiraka cheusi.

"Mwenyekiti, hiki kinaniziba."

"Kinakuziba nini? Mie naiona barabara yote."

"Wewe umekaa kushoto."

"Utazoea, maalim." Akacheka. "Halafu dereva wa gari hili ni Mungu. Wewe unashika usukani tu."

Kauli hiyo nimeisikia maisha yangu yote. Naisikia kwenye mabasi yasiyo na breki na kwenye pikipiki zilizobeba familia nzima. Nimesoma vitabu vya dini tangu utotoni na sijaona popote kwamba Mungu amemruhusu mtu ajifumbe jicho mwenyewe, kisha amtake Yeye aangalie badala yake.

Haikupita muda tukasimamishwa. Tulikuwa tunaelekea Mbagala tukiwa na maiti, na askari wa usalama barabarani, mwanamke kijana mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, akatunyooshea mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiki kifaa nani kakiweka hapa?"

Mwenyekiti akainama kunipita. "Ni cha kuonyesha njia, afande. Kimeruhusiwa."

"Kuwa nacho mmeruhusiwa, baba. Kumziba dereva hamjaruhusiwa. Kioo kiwe wazi. Kishusheni chini kwenye dashibodi, na huo waya muutoe kwenye gia. Na mzee asikibonyeze huku anaendesha. Mnapanga safari kabla hamjang'oa gari."

Alisema vizuri, kwa maneno machache. Nilitaka kumshukuru. Lakini akatazama nyuma, akaliona jeneza na shuka lake, na uso ukabadilika. "Poleni na msiba. Haya, nendeni. Mkitoka kuzika mkiondoe."

Tukaondoka. "Umeona?" mwenyekiti akasema. "Katuachia."

Hilo ndilo lililoanza kunichemsha. Gari la maziko huachiwa kila mahali. Magari hutupisha, watu husimama na kuvua kofia zao, hata foleni ya taa nyekundu hutufungulia njia. Tunaichukua heshima ya marehemu, ambaye hana tena la kusema, na kuitumia kufichia uzembe wetu sisi tulio hai. Nilimkumbusha mwenyekiti baada ya maziko. Nikamkumbusha tena baada ya swala ya Ijumaa, mbele ya kamati. Akanijibu kwa swali.

"Nikikihamisha nikiweke wapi, maalim? Juu ya msahafu?"

Kamati nzima ikasema astaghfirullah kwa pamoja, na hoja ikaishia hapo.

Kisha ikaja siku ya Kiwalani.

Aliyefariki alikuwa mwanamke, na sisi tulikuwa tunakwenda na jeneza kumchukua. Aliyetungoja kwenye nyumba ya msiba ni mwoshaji, mama anayewaosha wanawake wa chama chetu wanapofariki. Sote tunamwita Mama Mwoshaji. Ni mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu. Amemwosha mama yangu. Amemwosha mke wangu. Siku ile ya mke wangu nilikaa nje ya pazia nikasikiliza maji yakimiminwa polepole, na utulivu wa yale maji ndio ulionishika nisianguke.

Vichochoro vya Kiwalani ni vyembamba, gari letu linapita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwanamke wa ndani ya jipiesi akasema neno lake, na mwenyekiti akatafsiri kwa furaha. "Kushoto, kushoto maalim, mshale umekata!" Mwoshaji alijua kuwa kile kichochoro cha kushoto kimezibwa na ukuta mpya. Alipotuona tunajikunja kuelekea huko alitoka mbio na ndoo yake mkononi, akasimama mbele yetu, akanyanyua mkono kutuzuia.

Mimi sikumwona. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Nilikuwa natazama mbele, sikuwa nimesinzia, sikuwa nabonyeza chochote. Pale aliposimama palikuwa na kiraka cheusi.

Nilisikia kishindo kidogo, kisha ndoo ikibingirika. Nikakanyaga breki, jeneza likasukuma magoti ya watu nyuma, watu wakapiga kelele. Niliposhuka alikuwa amekaa chini kwenye maji yaliyomwagika, kanga imemvuka begani.

"Maalim," akasema, "mie ni wa kuosha, si wa kuoshwa. Zamu yangu bado."

Watu wakacheka, kicheko kile cha hofu inayotoka. Halafu tukauona mkono wake wa kulia. Kifundo kilikuwa kimekwenda upande usio wake.

Mwenyekiti akashuka, akamtazama, akavuta pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Ni mkono tu."

Ni mkono tu! Mimi neno la kumshukuru Mungu nalitamka asubuhi na jioni, nimelifundisha kwa watoto wasioweza bado kutamka herufi zake, na sikuwahi kudhani kuwa ipo siku litanitia ghadhabu. Lakini siku ile nilipolisikia mdomoni mwake damu ilinipanda mpaka masikioni. Mkono tu, wa nani? Ule mkono ndio chama chenyewe. Sisi tuna gari, shuka na mihuri. Yeye ana mkono.

Akakataa kwenda hospitali kabla maiti hajaoshwa. Tulimsihi, akasema marehemu aliahidiwa kuoshwa na yeye. Wakamfunga kifundo kwa mtandio, akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda na kuwaelekeza mabinti aliokuwa akiwafundisha kazi ile. Mimi nilibaki nje. Nikasikia sauti yake kupitia pazia la kanga.

"Upande wa kulia kwanza. Taratibu, huyo ni mama wa mtu. Si sufuria hiyo unayosugua."

Kisha akaguna kwa maumivu, kisha tena, "Maji. Ongeza maji."

Sikuendesha tena siku ile. Maiti alibebwa kwa kirikuu ya jirani, kile kigari kidogo cha mizigo, mwoshaji nikamsindikiza hospitali kwa bajaji, na nikatoka huko moja kwa moja mpaka kituo cha polisi kueleza nilichofanya. Askari aliyeandika maelezo yangu hakunikaripia. Aliniita mzee wangu, akanipa kiti, akanieleza faini yangu kwa upole kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Ningefurahi zaidi kama angenikaripia.

Siku chache baadaye simu ikaja. Mwanamke amefariki Msongola, chama kinasubiriwa. Nilipofika msikitini gari lilikuwa limeoshwa, jeneza limeshapakiwa, watu wamekaa. Nikatazama kioo. Jipiesi ilikuwa pale pale, imefutwa vumbi.

Nikampa mwenyekiti ufunguo.

"Nini hiki?"

"Siendeshi."

"Maalim, kuna maiti anangoja."

"Najua."

"Unachelewesha maiti kwa ajili ya kidude?"

"Wewe ndiye unayemchelewesha. Kitoe tuondoke."

"Sadaka ya mama yangu unaiita—"

"Kidude umekiita wewe, mwenyekiti. Mimi sijakiita jina."

Sauti yangu ilivuka ukuta. Watu waliokuwa wanatawadha wakafunga mabomba wasikilize. Mwenyekiti akageukia umati akasema kwamba maalim amezeeka, ajali imemtia woga, atafutwe dereva kijana. Na wapo waliotikisa vichwa kukubali, watu niliowafundisha mimi mwenyewe alifu na bee.

Wakati huo huo Mama Mwoshaji akatokea, hogo jeupe la plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Alikuwa anakuja kupanda gari. Alisema mkono umevunjika lakini mdomo uko salama, atawaelekeza mabinti zake. Akatukuta hivyo.

"Wazee wazima mnagombana na watu wanawangoja?"

Akaangalia ufunguo, akaangalia kioo, akaelewa.

"Mwenyekiti, hebu panda."

"Nipande wapi?"

"Kiti cha maalim. Kaa tu, gari halitakuuma."

Mwenyekiti akapanda kwa kutaka kumridhisha. Mwoshaji akaenda akasimama mbele ya gari, kwenye kona ya kulia ya boneti.

"Mimi napita hapa mbele yako. Wewe sema unaniona. Ukiacha kuniona, nyamaza."

"Haya. Nakuona."

Akasogea hatua. "Nakuona," mwenyekiti akasema, sauti ya mtu anayecheza na mtoto. Hatua nyingine. "Nakuona." Nyingine.

Kimya.

Sisi tuliosimama pembeni tulikuwa tunamwona wote, mwanamke mzima na baibui lake, amesimama kwenye jua. Akaunyanyua mkono wenye hogo juu, kama alivyounyanyua siku ile.

"Mwenyekiti! Nimenyanyua mkono. Unauona?"

Kimya.

"Mkono tu, mwenyekiti. Unauona?"

Kumbe alisikia siku ile, akiwa chini kwenye maji. Nilimtazama mwenyekiti kupitia dirisha. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, shingo ameinyoosha mbele, anatafuta. Asingenyoosha shingo hivyo kama angekuwa anaona. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo.

"Simwoni." Halafu akasema tena, akinigeukia mimi, "Maalim, simwoni kabisa."

"Na mimi sikumwona," nikamwambia. "Nilikwambia, na askari alikwambia."

"Sasa tukiweke wapi?" Hakuwa anabisha tena. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia. "Pale kati pana msahafu."

Hapo nikafungua mlango wa upande wa pili, nikasema bismillahi, nikauchukua msahafu kwa mikono miwili. Nikakifungua kile kitambaa cha kijani. Jalada lilikuwa limepinda kwa joto kama gamba la mti. Gundi ya mgongoni ilikuwa imeyeyuka na kukauka tena, na nilipoufungua, juzuu ya kwanza ikabaki kwenye kiganja changu peke yake. Kurasa za katikati zilikuwa zimeshikana. Hapakuwa na mtu aliyeufungua tangu uwekwe pale, na mimi dereva nilikuwa nimekaa nao uso kwa uso miaka yote hiyo.

"Huu ndio tuliokuwa tunauheshimu?" nikasema. Sikuwa nasema tena na mwenyekiti peke yake. "Tumeukausha juani kama dagaa! Tukakataa kuusogeza, eti heshima, na kwa ajili ya kutousogeza tukaziba jicho la dereva, tukamvunja mwanamke mkono. Nani humu anaweza kuniambia ni aya gani iliyotufundisha hivyo? Niambieni, mimi ni mwalimu wenu, labda ilinipita."



Mwenyekiti akashuka. Akavua shali yake ya begani, akaikunjua, nami nikaziweka kurasa ndani yake. Kisha akarudi kwenye kioo mwenyewe, akaingiza kucha chini ya ule mguu wa mpira, ukaachia kwa sauti ya kunyonya. Akauzungusha waya mkononi, akautia mfukoni pamoja na kifaa. Tukaenda Msongola kwa kuuliza njia, na mwoshaji akiwa mbele kati yangu na mwenyekiti, akituambia kila mara kwamba sasa gari lina macho sita na midomo mitatu.

Kibao cha kukiwekea kifaa kilitengenezwa Keko. Nilikwenda na gari lenyewe kwa fundi seremala mmoja wa barabarani, nikamweleza: kilale katikati ya dashibodi, ukingo wake wa juu usifike kwenye kioo, kisicheze tukipita kwenye mashimo, na waya upite pembeni mbali na gia zote mbili.

"Maalim, mie natengeneza vitanda na makabati," akasema huku anapima kwa kidole. "Leo umeniletea mteja mdogo kuliko wote, na masharti yake mengi kuliko ya bibi harusi."

Alikitengeneza vizuri. Yule askari mwenye sare ya pasi alitusimamisha tena barabara ile ile, akachungulia, akapiga saluti. Gari lilikuwa tupu siku hiyo, hatukuwa na maiti wa kutuombea. Njia naipanga kabla sijawasha injini, na yule mwanamke wa jipiesi anasema Kiingereza chake kutoka chini kule, mimi namsikiliza bila kumtazama.

Msahafu niliuchukua nyumbani. Nimeushona mgongo kwa uzi na sindano, kurasa zilizoshikana nimezitenganisha kwa mvuke, na jioni watoto wanasomea humo barazani. Mwenyekiti huja wakati mwingine, hukaa mwishoni mwa mkeka, huusikiliza. Hatujaongea sana. Alimwomba radhi mwoshaji, naye alimsamehe siku hiyo hiyo, kwa maana yeye ni mwepesi kuliko sisi.

Lakini hogo lilipotolewa mkono ulikuwa umeunga vibaya kidogo. Hawezi tena kukamua kitambaa. Anamimina, anaelekeza, na binti mwingine ndiye anayekamua. Nasikia tofauti yake nikiwa nje ya pazia. Maji hayadondoki kama zamani.

Na kila safari, kabla hajapanda, anapita mbele ya gari kutoka kona hadi kona, mimi nikiwa nimekaa kwenye usukani. Hakuna aliyemwagiza. Watu wanaongoja kupanda wamezoea, wanasimama wanamtazama. Akifika katikati huunyanyua ule mkono, na kifundo chake kimekaa upande.

"Nakuona," namwambia.

"Na mwenyekiti?"

"Nakuona, mama," mwenyekiti anasema kutoka kiti cha kushoto.

Hapo ndipo hasira inapokuja, mpya kama siku ile. Nangoja mpaka apande na kufunga mlango, kisha nawasha gari.